Kisu Nilichokinyamazisha

Niseme upumbavu wangu kwanza, maana usipousikia kwangu utausikia kwa Fundi Mabula, na yule mzee huongeza chumvi. Nilichukua kisu cha kukunja ambacho alikuwa amekimaliza, kimeviringishwa kwenye kitambaa kinamsubiri mwenyewe, nikakipiga tupa mpaka kikaacha kulia. Nilifanya hivyo Fundi akiwa amekwenda kununua mkaa. Na nilifanya kwa sababu mtu mzima mwenye viatu vinavyong'aa aliniita fundi. Sababu nyingine nimeitafuta, sijaiona.

Sasa nimestaafu. Najua nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, na kustaafu ni neno la watu wenye mvi. Lakini nipe neno jingine la mtu aliyefanya kazi likizo zote na Jumamosi zote tangu shule ya msingi, kisha siku moja akaambiwa avue aproni na kuitundika. Nawaandikia ninyi mnaokuja nyuma yangu pale kibandani Kagongwa, hasa wewe Juma uliyerithi kigoda changu. Kigoda kina mguu mmoja mfupi. Usimlalamikie Fundi, atasema umeuvunja wewe. Mambo ya malipo sitayagusa. Fundi angesema sikuyastahili, na mimi ningesema hayakuwepo, tungekesha.

Siku ya kwanza nilipelekwa na Mama. Shuleni walikuwa wamemwita mara nyingi kuhusu mdomo wangu, akaona bora nipelekwe mahali penye kelele zaidi yangu. Fundi Mabula alikuwa amekaa kama anavyokaa siku zote, mgongo ukutani, uso barabarani, ili asijiliwe kwa nyuma. Hakunitazama mimi. Alimtazama Mama.

"Huyu anaiba?" akauliza, kana kwamba mimi ni mbuzi wa mnadani.

"Haibi," Mama akasema. "Anachekesha tu."

"Hiyo mbaya zaidi. Mwizi unajua anataka nini."

Akanikalisha kwenye mvukuto. Wewe Juma umeukuta na mota, una bahati. Enzi zangu ulikuwa rimu ya baiskeli yenye mkono, unazungusha mpaka bega linakusahau. Nilizungusha wiki nzima huku nikitazama vifaa. Kipande cha reli cha kufulia chuma, ambacho hakuna mteja anayeuliza kilitoka wapi. Springi za malori yaliyokufa njia ya Isaka, ndizo zinazokuwa visu. Debe la oili chafu la kuzamishia chuma kikishakuwa na rangi ya ukwaju mbivu. Tupa, msumeno, msasa, na pembe za ng'ombe zimening'inia juu kama mkutano wa wazee waliogombana. Kila jioni Fundi alizipitia tupa zake moja moja kwa macho, kisha akanitazama mifukoni. Sikuudhika. Na mimi nilikuwa nikimtazama yeye, kwa sababu mtu anayeogopa sana kuibiwa lazima kuna kitu anajua kuhusu kuiba.

Watu huniuliza wateja walipenda nini kwa Fundi Mabula, maana visu vya kukunja vimejaa madukani, vya kung'aa, vina hata tochi ndogo kwenye mpini. Mwanzoni nilidhani ni makali. Si makali. Wembe una makali, na hakuna anayeupenda.

Kitu cha kwanza walichokipenda ni kwamba aliwashuku. Hakuna aliyeondoka na kisu bila kujibu swali lake: "Unakwenda kukata nini?" Mfugaji atasema kamba, ngozi, nyama, na mwiba ukiingia kwenye kwato. Huyo Fundi anamwachia mfereji mpana wa kufungulia kwa ukucha kwenye ubapa, maana kucha za mfugaji ni nene, mfereji mwembamba haushiki. Mchimbaji aliyetoka upande wa Geita atasema viroba, kamba, mpira wa maji. Huyo anapewa mpini uliochorwa mistari usiteleze na tope, na kipande cha kitambaa chekundu kwenye tundu, kikianguka dumani kionekane. Duma, kama hujawahi kufika machimboni, ni shimo la dhahabu. Wanaliita hivyo na wanalisema kwa heshima kama jina la baba mkwe.

Mtu aliyejibu upesi kuliko swali, Fundi alimrudisha nyumbani akafikiri. "Anayesema matunda ndiye wa kuangalia," aliniambia. "Mwizi, mlevi, mwenye kisirani na jirani, wote wakikosa jibu husema matunda."

Mzee mmoja kutoka Bukombe alileta pembe la dume lake lililokufa, anataka liwe mpini. Fundi akalikataa mpaka mzee amtaje ng'ombe mwenyewe. Mzee akakaa chini akamtaja kwa jina, kwa rangi, kwa baka la ubavuni, kwa siku aliyomkanyaga shemeji yake. Tuliacha kazi tukasikiliza. Fundi akachukua pembe, bado hajaridhika. "Shemeji yupo?" akauliza. "Yupo, anachechemea." Hapo ndipo akawasha moto. Mzee yule alikuja kuleta wateja kijiji kizima. Kumbe watu wakihojiwa hivyo hawakasiriki. Wanajiona wameandikwa mahali.

Wachimbaji nao walishuku kuliko Fundi. Mmoja alisimama kibandani tangu asubuhi akilinda kipande chake cha chuma, tusije tukambadilishia. Alikojoa akiwa amegeuza shingo. Nikamwambia Fundi huyu anatutukana.

"Huyo ndiye mteja," akasema. "Anaona kazi yote. Kesho hawezi kusema nimemtapeli, itabidi aseme aliona."

Lakini kitu walichokipenda kuliko vyote ni sauti. Kisu cha Mabula ukikifungua kinasema *ka*. Ukikifunga, *ka*. Si kelele, ni neno. Mtu wa mlango wa pili anaisikia. Wafugaji wakikaa kwenye nyama, kila mmoja akifungua chake inasikika, hakuna anayeshtuka kukuta ubapa uko wazi karibu na goti lake. Wachimbaji wakiwa dumani gizani, tochi imekufa, wanajua nani kafungua kisu na yuko upande gani. Wanawake ndio walioipenda zaidi. Niliwasikia wakiwaambia waume zao, kama unakwenda kununua, nunua cha Mabula, cha kusikika. Mtu akitaka kisu kisicholia, Fundi alimwuliza kwa nini. Akisema basi tu, alijibiwa, "Basi tu sitengenezi."

Sauti ile inatoka kwenye springi ya mgongo. Ubapa unapozunguka, kona ya kitako chake inainua springi, halafu springi inaangukia mahali pake, *ka*. Springi hiyo hiyo ndiyo inayozuia ubapa usirudi kwenye vidole vyako. Ukiondoa sauti umeondoa na mshiko. Fundi aliniambia hivyo mapema kabisa, na mimi nikamjibu kwa kuigiza mtu aliyekatwa vidole akijaribu kuhesabu chenji. Alicheka. Lazima niseme kwamba alicheka.

Sasa tumfikie Baba Kulwa.

Alikuja Jumamosi moja, mzee mrefu, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa vumbi lote lile. Zamani alikuwa mpima pamba jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba. Fundi aliponinong'oneza hivyo aliongeza, "Mpima pamba usimwamini, hata akikwambia leo Jumamosi." Wakulima wa pamba watanielewa, kama yupo anayesoma.

"Unakwenda kukata nini?" Fundi akauliza.

"Matunda," Baba Kulwa akasema, upesi mno.

Mimi na Fundi tukatazamana.

"Na kama ingewezekana," mzee akaendelea, akishusha sauti, "kisipige kelele."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Alipewa jibu lake. Akakohoa, akasema haya, cha kawaida, akaenda zake. Fundi alimtazama mpaka alipokata kona, kisha akasema mtu mwenye mvi anayetaka kisu cha kimyakimya ana mtu anayemvizia. Nilikubaliana naye. Nataka mlijue hilo. Nilimshuku yule mzee tangu dakika ya kwanza, na bado nikafanya nilichofanya.

Wiki iliyofuata mzee alikuja, Fundi akiwa hayupo. Nadhani alikuwa amejibanza mahali anatazama Fundi aondoke.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, fundi."

Ndugu zangu, hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Niliitwa wewe, niliitwa nsumba, yaani kijana, kwa sauti ya kufukuza kuku. Mwalimu wa hesabu aliniita janga. Nikajikuta nimekaa vizuri kwenye kigoda, mguu mfupi na yote.

"Hiki kisu," akasema, akionyesha chake kwenye kitambaa, "fundi mdogo anaweza kukifanya kitulie? Au mpaka mkubwa arudi?"

Mnaona alivyo. Miaka yote mbele ya mizani, alijua jiwe gani la kuongeza. Nikagonga ribiti ikatoka, nikatoa ubapa, nikaipiga tupa kona ya kitako mpaka ikawa duara kama goti la mtoto, nikaipunguza na springi kwa msasa. Nikarudisha. Nikakifungua sikioni mwangu, kimya. Nilijisikia nimeumba kitu. Mzee naye akakijaribu sikioni mwake, akafumba macho, akatabasamu tabasamu ambalo halikunipendeza hata kidogo. Akakitia mfukoni, akaondoka bila kugeuka. Fundi aliporudi na mkaa nikamwambia mwenyewe keshakichukua. Akauliza kama alikijaribu. Nikasema alikijaribu. Ilikuwa kweli.

Haikupita muda, mnadani mama mmoja muuza dagaa akakatwa mkoba ubavuni. Mkoba wa ngozi, umepasuliwa safi, vitu vimetoweka. Alichokisema kikazunguka Kagongwa nzima: "Sikusikia hata *ka*." Hakusema Mabula. Hakuhitaji. Watu wakaanza kuja kibandani si kununua, ila kusimama. Mfugaji mmoja alifungua kisu chake mbele ya uso wa Fundi, *ka*, akafunga, *ka*, akaondoka bila salamu. Mgambo naye akaja.

"Mzee Mabula, una visu vya kimya?"

"Hata kimoja. Kasikilize Kagongwa yote ukitaka."

"Na huyu kijana?"

"Huyu hata akilala hanyamazi."

Wakati huo mimi nilikuwa chini ya benchi natafuta ribiti ambayo haikuanguka.

Kuanzia hapo sikupata raha. Nilijua kuna kisu kimoja mjini kisichosema, kiko mfukoni mwa nani, na nani alikifunga mdomo. Kikimchoma mtu, nimechoma mimi. Nililala nikimwona Baba Kulwa akifumba macho na kutabasamu. Nikaanza kumfuatilia, kwanza kwa macho, halafu kwa miguu.

Nilimwona mara ya kwanza mahali ambapo sikutarajia, kwa Mama. Mama anauza mananasi yanayoletwa kutoka Geita, anayapanga kwenye turubai karibu na kituo cha bodaboda. Nilikuwa nimempelekea chakula. Baba Kulwa akaja kwa upande, si kwa mbele, akachagua kubwa lililoiva mpaka linanukia barabara nzima, akalitia kwenye mfuko mweusi, na mfuko mweusi akautia kwenye mkoba wa vitabu vya kanisa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni muda wote.

"Anakuja sana?" nikamwuliza Mama.

"Anakuja."

"Peke yake anakula yote hayo?"

"Anasema ya wajukuu. Mimi nauza nanasi, sihoji watu. Anayehoji ni huyo mwajiri wako."

Nikamfuata. Msinicheke, nilikuwa nimeshika nusu ya tofali. Alipita nyuma ya jineri, kwenye maghala ya zamani ambayo siku hizi yanakaa popo na vijana wapendanao. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Mtu anayekwenda kwenye jambo jema hatazami hivyo. Akaingia. Nikajisemea, ndiyo hapa anapomngojea mtu wake. Nikasogea mpaka kwenye ufa wa mlango.

Baba Kulwa alikuwa amekaa kwenye gunia. Alitandika gazeti magotini kama mtu anayevaa aproni. Akatoa kisu, akakifungua kimya kimya, akakata nanasi akaanza kula. Alikula amefumba macho. Maji yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko, hakuyafuta. Sijawahi kuona mtu mzima akila hivyo, labda mtoto aliyejificha chini ya kitanda na sukari ya wageni.

Alikuwa amesema matunda, na yalikuwa matunda.

Nilitaka kucheka. Nilishavuta pumzi ya kucheka. Halafu nikauona mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa cheusi kwa ukuukuu. Alipolishika nanasi alikiacha kidole hicho kimenyooka pembeni, kama si chake. Nikasogeza mlango, tofali likaniponyoka.

"Nani?"

"Ni mimi. Shikamoo."

Alificha nanasi kwanza, kisha kisu, kisha mkono. Kwa mpangilio huo. Aliponitambua akashusha mabega.

"Fundi. Umenifuata?"

"Nilidhani unamvizia mtu."

"Namkimbia mtu," akasema. "Nina sukari, mwanangu. Mama Kulwa ameambiwa hospitali nisiguse vitamu, na yule akiambiwa kitu anakuwa askari. Kisu changu cha zamani cha Mabula, nikikifungua tu chumbani, *ka*, nasikia kutoka jikoni, 'Baba Kulwa, unakata nini?' Mwishowe akakificha. Ndiyo maana nikaja kwenu."

"Na kidole?"

"Kisu kilijifunga. Nilikuwa nabonyeza kwenye ganda gumu, kikarudi chenyewe. Kidogo tu. Hata hakiumi."

Nikamwomba nikione. Alikataa, halafu akakifungua kitambaa mwenyewe kutaka kunionyesha kwamba si kitu. Sitakieleza. Harufu yake ilishinda ya nanasi. Lilikuwa jeraha la tangu wiki ile ile aliyokichukua kisu, na halikuwa limefunga hata pembeni.

"Umemwonyesha Mama Kulwa?"

"Nimemwambia nilijikata na jembe, linapona. Jumatatu nakwenda hospitali."

"Kweli?"

"Kweli," akasema, upesi kama alivyosema matunda. Kisha akaniangalia kwa yale macho ya mizani. "Sisi mafundi hatuchongeani."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Nitawaambia jambo ambalo walimu wangu hawatanisadiki. Somo la ugonjwa wa sukari nilikuwepo. Niliuliza kama mtu wa hivyo akichovya kidole kwenye chai anaokoa bajeti, nikatolewa nje, na kipindi chote nilikisikiliza dirishani kwa kukosa kazi. Mwalimu alisema kidonda cha mtu wa sukari hakiponi kirahisi, na mbaya zaidi, wengine hawayasikii maumivu vizuri, wanadhani kimepoa kumbe kinakula. Hata hakiumi, alisema Baba Kulwa.

Kumchongea ilikuwa kujichongea. Nikisema kisu, nimesema tupa. Nikisema tupa, nimesema jina langu, na lile la Fundi limeshachafuka. Niligeuza hesabu hiyo kila upande nikitafuta njia ambayo kidole kinapona na mimi sipo. Haikuwepo. Asubuhi nikaenda kwao.

Mama Kulwa alikuwa anaanika mihogo uani. Ni mfupi, mpana, ana macho ya kumkamata mtu kabla hajafanya kosa.

"Mwangaluka, mayo," nikasema, salamu ya asubuhi ya kwetu kwa mama, kwa adabu niliyokuwa nimeiweka akiba.

"Mwangaluka. Wewe ndiye yule mtoto mchekeshaji wa Mama Masele. Umekuja kuomba nini?"

"Sijaja kuomba. Baba Kulwa anakula mananasi kule kwenye maghala."

Hakushtuka. Aliendelea kupanga mihogo. "Hilo najua. Nanasi halifichiki, anarudi ananukia kama harusi. Nilikuwa nasubiri nimshike na ushahidi. Wewe nani kakutuma?"

"Hakuna. Kidole chake hakikukatwa na jembe. Kilikatwa na kisu cha kukunja, na kimeoza."

Hapo mikono ikasimama.

"Kisu gani? Cha kwake ninacho mimi. Na visu vya Mabula vinasikika, ningesikia."

"Hicho hakisikiki. Nilikiondoa sauti mimi. Fundi hajui."

Alinitazama muda ambao ningependa urudishwe kwenye umri wangu. Nilidhani atanipiga na muhogo. Akajifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, nikasikia sauti yake, si kali, ya chini kabisa, "Baba Kulwa, hebu nione huo mkono." Halafu mzee akisema, "Kidogo tu." Halafu yeye, "Mungu wangu, baba."

Walipata gari siku hiyo hiyo wakashuka naye hadi Kolandoto, ambako Mama Kulwa alikuwa na ndugu wa kumlaza jirani na hospitali. Wakamkata kipande cha kidole, mpaka kwenye kiungo cha pili. Mama Kulwa aliniambia baadaye alivyoelezwa huko: angekaa kuisubiri Jumatatu yake, na nyingine baada ya hiyo, wangekuwa wanajadili mkono.

Kwa Fundi nilikwenda mwenyewe, kabla hajaambiwa. Kisu Mama Kulwa alikuwa amekitupa mikononi mwangu, kimefungwa kwenye gazeti. Fundi alikifungua sikioni. Akakifunga. Akakifungua tena, kama mtu anayempigia simu marehemu. Akabonyeza ubapa kwa kidole gumba, ukajikunja bila ubishi.

"Umefanya vingapi?"

"Hicho tu."

"Kila aliyefanya vingi husema hivyo."

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alifanya jambo lililonitesa zaidi. Alituma neno kwa madereva wa malori, kwa wachinjaji, kwa wachimbaji waliokuja kununua viatu vya mpira, kwamba yeyote aliyechukua kisu kwake tangu mvua za vuli akilete kisikilizwe, na kwamba kimoja kiliharibika hapa hapa kibandani kwake. Hakusema kiliharibiwa na nani. Nikamwambia Fundi, ukisema hivyo watakukimbia. Akasema wakikimbia watakuwa wamejua wanakimbia nini.

Walikuja. Mzee wa Bukombe alikuja na pembe la dume lake. Yule mchimbaji aliyelinda chuma alikuja amekunja uso, tayari kwa ugomvi. Walipanga foleni, kila mmoja anafungua mbele ya sikio la Fundi, *ka*, anafunga, *ka*, anapisha. Fundi aliinamisha kichwa kwa kila kimoja kama padri kwenye maungamo. Viwili alivibakiza, springi zake hazikumridhisha, ingawa mimi sikuvigusa. Akavibadilishia hapo hapo, wenyewe wakitazama. Nilizungusha mvukuto bila kusema neno, watu wakadhani naumwa.

Mchimbaji alipopisha alinisogelea. "Huyu mzee mwehu," akasema. "Nani anaita watu awaonyeshe ubaya wake?" Kisha akakitia kisu kiunoni, akakipapasa juu ya shati kama mtu anayehakikisha mtoto kalala. Wiki hiyo hiyo alileta wenzake.

Juma, ukiulizwa wateja wanapenda nini pale, jibu ndilo hilo, na hutalielewa mpaka siku utakayokuwa umekosea. Mwenye mkoba wa dagaa hakupata haki yake, aliyemkata hakujulikana, na wapo wanaonitazama mimi mpaka leo. Wanitazame. Na mimi nawatazama.

Foleni ilipoisha Fundi alitengeneza kisu kipya kwa ajili ya Baba Kulwa, chenye *ka* ya kuamsha mtaa, akampelekea Mama Kulwa mkononi. Kisha akaniambia nivue aproni. "Ukimaliza shule uje tena," akasema, "nitakuuliza unakwenda kukata nini." Nikaitundika. Sherehe ya kuniaga ilikuwa hiyo.

Nilimkuta Mama kwenye turubai lake, anayapanga mananasi yaliyoshuka mchana huo. Alikuwa ameshasikia nusu ya habari kama Kagongwa yote, nusu yenye kidole, si nusu yenye mimi. Nikavua viatu nikakaa chini nikamwambia yote, bila kuigiza sauti ya mtu yeyote. Baba Kulwa alikuwa amerudi nyumbani kutoka hospitali siku ile, nikamwambia na hilo. Alishika nanasi moja mkononi muda wote, analigeuza, halinusi. Nilipomaliza alilirudisha kwenye rundo, akafunika rundo lote kwa turubai ingawa jua lilikuwa bado, akafunga mkaja wa khanga.

"Kisu ulimpa wewe," akasema. "Mananasi nilimuuzia mimi, na nilijua hana wajukuu. Vaa viatu, twende kwao."